Firigisi Kwenye Friza ya Mama Makau

Mama hafungi nyumba ikiwa na chakula kibichi ndani. Hata tukienda Kakamega kwa siku mbili tu, lazima sufuria zioshwe na kufunikwa, kikapu cha mboga kibaki kitupu, na kama kuna nyanya tatu zilizolegea, zitaliwa hata na chai. Baba alikuwa akimcheka. Alikuwa akisema mama akisafiri, panya wa mtaa wetu mzima wa Lindi wanalala njaa.

Safari hii tulikuwa tunampeleka baba mwenyewe, na mama hakubadilika.

Alhamisi asubuhi nilimkuta amekaa kwenye stuli katikati ya nyumba, amezungukwa na maziwa. Watu wakija matanga huleta mkate na maziwa, na baba alikuwa na watu. Mtu akiwa mwashi kwa miaka thelathini anajuana na kila mtu. Hata vibarua aliofanya nao kazi kwenye zile ghorofa za Soweto East walikuja, kila mmoja na pakiti yake. Siku kumi za matanga zilikuwa zimetuachia pakiti kumi na nne za maziwa, mikate saba, kabeji nzima, beseni la nyanya, na omena iliyokuwa imeanza kujitangaza hadi kwa majirani. Gari lingeondoka saa kumi na moja jioni, tukishamchukua baba mochari. Mazishi ni Jumamosi, na baada ya hapo tungekaa nyumbani wiki tatu.

"Chemsha hayo," mama akaniambia.

"Mama, tumekunywa chai ya maziwa tangu juzi. Mimi nikijikata leo nitatoka maziwa."

Hakucheka. Alikuwa anazipanga pakiti kwenye mfuko, moja moja, kama mtu anayepanga nguo za mtoto. "Basi pelekea Vincent na watoto wake. Na huo mkate. Na hiyo kabeji."

Niliweka chini kisu nilichokuwa nakatia mkate. Nilijua haongei habari ya kabeji.

Vincent ni kifungua mimba wetu. Anakaa Kawangware na mkewe Kasiva, msichana wa Kitui, na watoto wao wawili; kazi yake ni kuchomelea milango na madirisha ya chuma. Yeye na baba hawakuwa wamesemezana kwa miaka miwili, na nikiwaambia wateja wangu wa saluni sababu yenyewe wanadhani nawatania. Sababu ni firigisi.

Kwetu Waluhya, kuku akichinjwa firigisi ni ya baba. Tunaiita imondo. Kuku awe mnono au awe mifupa mitupu, kipande hicho hakuna mwingine anayekigusa. Kasiva alipoolewa, mama alimketisha akamweleza: firigisi ni ya mwenye nyumba. Kasiva ni mtu wa kushika maneno. Kwa hivyo siku baba alipowatembelea Kawangware kwa mara ya kwanza, alimpa mapaja yote mawili na kidari, kisha akaweka firigisi kwenye sahani ya Vincent. Si nyumba ni ya Vincent? Na Vincent, ambaye akianza kuongea hajui anatia nini mdomoni, akaila huku akimsimulia baba habari za mashine yake mpya.

Mimi nilikuwepo. Nilimwona baba akigeuza nyama kwa vidole, akitafuta. Nilimwona akiinua macho na kuangalia taya za Vincent. Akasimama bila kunawa mikono.

"Imondo imeliwa nikiwa nimekaa hapa," alisema. "Kwa hivyo umeshanizika. Siku nikifa, usije kunizika mara ya pili."

Kasiva alilia wiki nzima. Vincent alikuja Lindi mara moja kuomba msamaha, baba akakataa kumfungulia, na Vincent akaapa kwamba hatagonga tena mlango huo. Wote wawili vichwa saruji. Mimi nilikasirika na baba mwezi mmoja, kisha nikakasirika na Vincent miezi iliyobaki, kwa sababu baba nilikuwa nakaa naye na mtu hawezi kununa na kila mtu.

Sasa baba alikuwa amekufa kweli. Alianguka Jumatatu ya wiki iliyotangulia akiwa kazini, presha, na hakufika hospitalini. Vincent alifika mochari siku hiyo, akasimama getini, akarudi. Hakuja matanga hata siku moja. Kwetu kifungua mimba wa kiume ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini, na wajomba walikuwa wameanza kuuliza ni nani atakayeshika koleo.

"Vincent ana miguu," nikasema. "Akitaka maziwa aje achukue."

"Valentine." Mama hakupandisha sauti. "Mimi siwezi kumwambia aende. Baba yake alimkataza, na sina neno la kuzidi la baba yake. Lakini chakula naweza kumpelekea. Nenda. Na ukipita kwa Mama Makau umuulize kama tuna kitu kwa friza yake. Kisiozee huko."

Mama Makau jina lake ni Syokau, Mkamba wa Machakos, ana kioski mita chache kutoka kwetu. Friza yake ni ya soda na barafu, lakini nusu ya ploti huweka samaki na nyama humo. Nilimkuta anapanga kreti. Nilipomuuliza alipangusa mikono kwenye leso, akafungua friza na kuingiza mkono hadi chini kabisa.

Alitoa kijifuko kidogo cha plastiki, kigumu kama jiwe. Kilikuwa kimefungwa na uzi wa nailoni wa kijani, ule wa kunyooshea ukuta. Uzi wa baba. Sikuhitaji kuambiwa ni wa nani.

"Ni nini hii, Mama Makau?"

"Ni firigisi. Ni ya Vincent."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Kila mara mkipika kuku, baba yenu Mzee Shivachi alikuwa analeta moja hapa," akasema. "Ameiosha mwenyewe, ameifunga mwenyewe. Anachukua ile ya zamani anapea paka, anaweka hii mpya. Nikamuuliza, mzee, kwani hii ni dawa? Akaniambia ni ya kijana wake. Ati siku akienda kumwona hawezi enda na mkono mtupu, na hawezi peleka kitu imeharibika."

Baba alituambia meno yake hayawezi firigisi tena. Krismasi, Pasaka, siku niliyofungua saluni, kila kuku aliyeingia kwetu yeye ndiye aliyempasua, kisha akasema kuhusu meno, na sisi tukamwamini. Nilishika kile kijifuko hadi vidole vikafa ganzi. Nilihesabu kuku. Sita. Mara sita alikuwa ameamua kwenda Kawangware, na mara tano paka wa Mama Makau akala ile ya zamani.

"Kuna kitu kingine," Mama Makau akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Jumamosi, ile ya kabla aanguke. Alikuja hapa asubuhi amevaa koti. Jirani ndiye aliniambia. Mimi nilikuwa nimefunga, nilikuwa nimeenda Machakos kwa mahari ya dada yangu. Alikaa hapo kwa hiyo benchi karibu masaa mawili akiningoja, halafu akaenda. Nilirudi Jumapili usiku. Nikasema kesho atakuja tu."

Kesho yake ndiyo ilikuwa Jumatatu.

"Usimwambie Vincent hiyo ya Jumamosi," akaniambia. "Mwambie tu mzee alimwekea. Tafadhali, mama."

Nilimwambia sitasema. Nikamkumbatia, maana nini tena ungefanya?

Niliondoka na mfuko mmoja kila mkono na kile kijifuko ndani ya sweta, na njia nzima nilikuwa nimemkasirikia baba. Nasema kweli, sikuwa na huzuni, nilikuwa na hasira. Kutoka Lindi hadi Kawangware ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa miguu. Kwa boda huwezi hata kumaliza kutafuna karanga za shilingi kumi. Miaka miwili, mtu mzima, anasafisha firigisi na kuifunga uzi, anaacha kuvuka barabara tu. Angeweza kwenda mikono mitupu. Angeweza kwenda na nyanya. Nilipofika Kawangware hasira ilikuwa imeisha yote, na kilichobaki ni kwamba sina baba.

Kasiva alinifungulia. Alinishika mikono yote miwili, akaona mifuko, akaelewa siku ya safari imefika. Vincent alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na nguo za kazi, na hakuwa ameenda kazini. Amekonda. Ndevu zimemwotea ovyo, na katikati ya hizo ndevu, uso wa baba.

"Niaje, Vale."

"Poa. Mama ametuma maziwa. Hataki iharibike."

"Haya. Mwambie asante."

Nikaweka mifuko chini. Watoto walikuwa shuleni.

"Gari inatoka saa kumi na moja," nikasema.

"Najua." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Na usianze. Mimi sina hasira, Vale. Iliisha kitambo. Lakini mzee alisema nisiende, na hakuwahi rudisha hiyo maneno. Nikienda sasa, nitakuwa nimempinga akiwa amelala, hawezi hata kunifukuza. Siwezi mfanyia hivyo."

Nilitoa kijifuko kwenye sweta nikakiweka mezani. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka, na maji yakatandaa kidogo kwenye meza.

Vincent alitambua uzi kabla ya kitu kingine chochote. Amekua akiushika upande mmoja na baba upande mwingine, tangu akiwa darasa la nne, kila likizo. Akaligusa fundo. Nilimweleza yote aliyoniambia Mama Makau: kuku sita, paka, meno ya uongo. Nilimweleza baba alisema ni ya kijana wake. Sikusema habari ya Jumamosi.

Hakulia. Alifungua lile fundo bila kulikata, polepole, akauviringa uzi kidoleni, akautia mfukoni. Ndipo akampa Kasiva ile firigisi.

Kasiva alirudi nyuma hatua moja. "Mimi siigusi hiyo. Hapana. Pika wewe, au Valentine."

"Wewe ndio wa hii nyumba," Vincent akasema. "Pika tu."

Akawasha jiko. Aliichemsha muda mrefu, na chumvi tu. Sisi wawili tulikaa tukisikiliza maji yakichemka. Harufu ilipojaa nyumba, ndipo Vincent akaniuliza lile nililokuwa naliogopa.

"Alikuwa anangoja nini, Vale? Miaka miwili. Alikuwa anataka niende mimi kwanza?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimeahidi. Lakini niliona kwamba akienda Kakamega na swali hilo atalibeba hadi naye azikwe, na siri ya Mama Makau, Mungu anisamehe, ndiyo iliyokuwa na jibu.

"Alikuja kuichukua," nikasema. "Jumamosi, siku mbili kabla aanguke. Alikuwa amevaa koti. Mama Makau alikuwa amesafiri, akakuta kioski imefungwa. Alingoja masaa mawili."

Vincent aligeuka akaangalia mlango wake. Ni mlango wa chuma, aliutengeneza mwenyewe, na nilikuwa nimeona nilipoingia kwamba ni wa bluu mpya.

"Jumamosi nilikuwa hapa," alisema. "Siku nzima. Nilikuwa napaka huo mlango rangi. Ulikuwa wazi, Vale. Sikuufunga mpaka jioni, nikingoja ukauke."

Ndipo akalia. Alilia kama baba alivyokuwa akikohoa, kutoka chini kabisa, na mimi na Kasiva tulimwacha alie.

Kasiva alileta sahani. Firigisi moja, nzima, katikati ya sahani kubwa, bila hata kipande cha ugali. Alipiga goti kidogo alipoiweka, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Vincent aliishika kwa vidole. Ilikuwa ngumu, friza ilikuwa imeikausha, na alitafuna kwa muda mrefu sana bila kuongea na mtu.

"Chumvi imetosha?" Kasiva aliuliza.

"Imetosha."

Alimaliza yote. Kasiva akamletea maji kwenye beseni, akanawa mikono yake taratibu, kidole kwa kidole, hadi kwenye viwiko, akajipangusa. Kisha akaniuliza gari linaondokea wapi, na kama mama alikuwa amekumbuka kubeba koleo la baba.