Kibendera cha Baba

Mimi ndiye niliyemletea Baba kompyuta, nikamwekea jikoni. Haikuwa na kasoro hata moja. Kasoro nilikuwa mimi.

Mwaka 1995 nilikuwa fundi wa kompyuta chuoni Urbana, mjuaji wa kupindukia. Baba, mzee Orville, alilima mahindi na soya nje ya mji, peke yake tangu Mama afariki. Dada yangu Marlys alitoka Oregon akafika siku moja baada ya Mama kukata roho. Siku ya mazishi, chakula kikiwa mezani kanisani, Baba alimwambia mbele ya majirani, "Mama yako amekufa macho mlangoni, anakungoja wewe." Marlys akaweka sahani chini, akaondoka.

Kwa simu hawakuwezana. Nikaona labda kwa kuandikiana barua pepe wataelewana.

Laini ya simu ilikuwa moja, nami sikutaka kompyuta iishikilie siku nzima. Nikaipanga ivute barua mpya kila asubuhi saa kumi na mbili, na zile za kwenda zikae foleni mpaka mtu abonyeze Tuma.

"Ukimaliza kuandika, iweke foleni," nilimwambia Baba. "Itatokea herufi Q pembeni, maana yake iko foleni. Umeiona?"

"Kama kibendera cha sanduku la barua."

"Ehee, hivyo hivyo."

"Basi nimeelewa. Usinifundishe kama mtoto wa chekechea, Duane."

Kwetu mashambani unaweka barua kwenye sanduku lako kando ya barabara, unainua kibendera chekundu, mtu wa posta akipita anaichukua. Kazi yako imekwisha. Nami nilikuwa na haraka ya kurudi mjini. Ile Tuma sikumwonyesha.

Marlys akaandika barua ndefu ya kuomba radhi. Wiki zikapita, akanipigia simu.

"Ameisoma?"

"Ameisoma."

"Basi kimya chake nimekielewa."

Nikamuuliza Baba. "Nimemjibu," akasema. "Akitaka ataandika, asipotaka shauri yake." Nilimjua kwa ukaidi wake, nikadhani ananidanganya ili nimwache. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo: sikumwamini baba yangu.

Mwezi wa tatu moyo wake ulisimama ghalani. Marlys alikuja kuzika, akakaa benchi la nyuma, chakula hakukigusa.

"Hata neno moja, Duane," aliniambia akiwa tayari ameshika mlango wa gari. "Amekwenda bila kunisamehe."

Wiki iliyofuata nikaenda kuichukua kompyuta. Nilipofungua sanduku la barua za kwenda, nilikuta barua kumi na nne, kila moja na Q yake.

Ya kwanza ilisema: "Marlys, nilikosa. Uchungu ulikuwa wangu, nikautupa kwako. Mama yako hakukulaumu hata kidogo." Ya mwisho aliiandika siku mbili kabla hajafa: "Naona hujibu. Una haki. Mwezi wa tano napanda nyanya za mama yako. Utakuja kunisaidia? Mimi nazibananisha, alikuwa ananigombeza kila mwaka."

Nilikaa kwenye kiti chake nikalia kwa sauti. Kisha nikabonyeza Tuma. Kompyuta ikapiga simu kwa kelele zake za kuunganisha, zile Q zikatoweka moja moja. Haikuchukua hata dakika mbili. Nikamwandikia Marlys na mimi, nikamweleza kosa ni la nani.

Nililala palepale. Saa kumi na mbili asubuhi kengele ya barua ikalia. Marlys alikuwa amejibu zote kumi na nne, yangu hakuijibu. Alimwandikia Baba. Kila mstari wa Baba ulirudi na alama ya kunukuliwa pembeni, na chini yake mstari wa Marlys, wakipokezana kama watu waliokaa meza moja. Chini ya "nilikosa" aliandika, "Hata mimi, Baba."

Na chini ya zile nyanya: "Nitakuja. Futi tatu kati ya mche na mche. Usianze bila mimi."