Ghorofa ya Chini Haina Kura

Maji ya vyoo vya watu sabini yalimtembelea Vestine kila alfajiri, yakipanda kupitia tundu la bafu lake, na hayakupiga hodi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Vestine aliyazoa, ndoo kumi na moja kila asubuhi, pua ameifunga kitambaa na bado akitapika. Kisha alinawa kwa dawa mara tatu, akaketi kwenye cherehani kushona majoho meupe ya kwaya, arobaini, ya kukabidhi Jumamosi. Chumba kile cha mtaa wa Berea, ugenini, ndicho kilichokuwa nyumba yake na ndicho kilichomlisha. Kingine hakuwa nacho.

Tiba yenyewe ilikuwa ndogo kiasi cha kuudhi. Pitchou, fundi bomba wa ghorofa ya tatu, alikuwa tayari kuzibua bure. Alichotaka ni ufunguo wa chemba ya maji taka iliyokuwa uani, na watu wa juu wavumilie muda wa saa nne bila choo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Didier, kiongozi wa wapangaji, na hapo ndipo Marekani ilipoingia.

Maana jengo lile lilijaa watu waliokuwa waende Marekani. Warundi na Wakongo, miaka na miaka ya mahojiano na vipimo, na mwisho darasa la maandalizi, ambako walifundishwa mihimili mitatu ya serikali: Bunge hutunga sheria, Rais hutekeleza, Mahakama hutafsiri, na kila mmoja humzuia mwenzake asije akajifanya mfalme. Kisha rais wa kule akaweka sahihi amri ya kuzuia wakimbizi, safari zikasimamishwa, wakabaki Berea na madaftari yao. Mwenye jengo naye alikuwa ametoweka zamani. Basi wakasema elimu isiozee kabatini. Kamati ya wapangaji ikageuzwa serikali: Didier rais, Baraza la Wawakilishi kwa wingi wa watu wa kila ghorofa, Seneti wawili wawili kwa ghorofa, Pitchou akiwa mmoja wao, na Mzee Théodore jaji wa maisha, aliyeteuliwa na Didier na kuthibitishwa na Seneti.

Ghorofa ya chini, alikoishi Vestine peke yake kando ya ukumbi wa mikutano, ikatangazwa makao makuu. Wakazi wa makao makuu, Didier alisoma daftarini, wana mjumbe wa kusema bungeni lakini hana kura. Siku ile Vestine alicheka pamoja na wengine.

Hoja yake ilipita kwa Wawakilishi mara moja: bomba lizibuliwe Jumatano. Seneti nayo ikapitisha, ila ikaandika Alhamisi. Muswada lazima ufanane katika mabaraza yote mawili, kwa hiyo ukarudishwa. Walipokubaliana Alhamisi, Alhamisi ilikuwa imekwenda zake. Wakakubaliana Jumatatu, na Didier akaukataa kwa kura ya turufu, kwani Jumatatu alikuwa na wageni, na wageni huenda chooni.

"Papa Didier," Vestine alimwambia kwenye ngazi, "njoo uone tu chumba changu. Njoo unuse."

"Eish, Mama Vestine. Nikija nitaingiwa na huruma, na rais hatawali kwa huruma." Didier alitazama viatu vyake, vilivyong'aa. "Wapate theluthi mbili kila baraza, na turufu yangu inaanguka. Mfumo unafanya kazi."

Wawakilishi wakazipata. Seneti ya watu kumi na sita ilihitaji kumi na mmoja, ikapata kumi. Vestine akamwendea Mzee Théodore, aliyemsikiliza kwa upole mwingi, kisha akamweleza kuwa mahakama haina ufunguo wala nyundo, ina maoni tu.

Vestine alirudi chini akiwa amekinai. Kinyesi hakikumchukiza tena kama yale mashati yaliyopigwa pasi ya waheshimiwa wa juu. Kinyesi angalau hakikujifanya kitu kingine.

Ijumaa maji yalipanda hadi yakagusa joho moja. Alilitazama likinywa uchafu ule kutoka pindoni, akalitupa. Akachukua nyundo, akatoka uani mchana kweupe, akavunja kufuli la chemba. Pitchou aliposikia kishindo alishuka na waya wake. Nusu saa haikwisha. Alivuta nepi, mifupa ya kuku na soksi ya mtu mzima, bomba likakohoa, na sakafu ya Vestine ikakauka.

Jioni ile ile serikali nzima ilikutana ukumbini. Muswada ulikuwa mfupi: mkazi yeyote wa ghorofa ya chini mwenye cherehani ahame kabla ya Jumapili. Vestine alikuwa na haki ya kusema, akasimama.

"Katiba ya wale watu inakataza bunge kumwadhibu mtu mmoja kwa kumtaja, bila kesi. Nilikuwa darasani na ninyi. Niliandika."

Mzee Théodore alivua miwani. "Ni kweli kabisa, Mama Vestine. Lakini humu jina lako halimo."

Wawakilishi wakapitisha wote. Seneti wote, naye Pitchou aliinua mkono akitazama chini. Didier akaweka sahihi, jaji akaridhia, na hakuna aliyemzuia mwenzake. Siku tisa walikuwa wameshindwa kutoa ufunguo. Kumtoa yeye kuliwachukua dakika kumi na mbili.

Jumamosi Vestine alikabidhi majoho thelathini na tisa, akaomba radhi kwa moja, akarudi kufunga cherehani kwa kamba. Huko juu mtu alivuta maji ya choo. Yalishuka vizuri, yakapita chini ya sakafu yake na kwenda zake.

Alipogeuka alimkuta Didier ndani, akipima chumba kwa hatua za viatu vyake. Ofisi ya rais ingehamia humo Jumatatu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga pale, na alisimama katikati, akavuta pumzi ndefu kwa pua.

"Mama Vestine," alisema, "mbona hakinuki?"