Harufu mu Motoka, Mama-mukwe ku Kiti ya Nyuma

…na si mukaba, mukaba uko muzima, maji iko, mafuta iko, nimeinama chini ya kapo, kifuniko ya injini, kama mutu anatafuta sindano mu nyasi na harufu haitoke hapa, Mungu wangu, leo, juu ya nini leo, Claire bibi yangu analala ku hospitali ya Nchelenge na mutoto amekwama mu tumbo, na nesi Matildah alinipigia simu asubui, dokta yuko tayari kumupasua lakini bibi yako anakataa, anasema hakuna kisu mpaka mama yake afike amuombee… balimupasua dada yake Jeanine kule Pweto, mama hakukuwako, na Jeanine hakuamuka, njo kichwa ya Claire ilifunga pale pale, njo nilikimbia ku kambi ya Kenani kumuchukua mama, na sasa mama yuko ku kiti ya nyuma na kuku mu mapaja, na motoka inanuka kuungua katikati ya njia, na mutoto hawezi kungoja, Matildah alisema hivyo, hawezi kungoja sana… anasema kitu kule nyuma, We kuku, sikia… haniambie miye, mama-mukwe hasemaka na mukwe wake, toka tulitoka Kenani anasemesha kuku, na miye sigeuki, miaka yote hii sijamuangalia uso, ni heshima, akikuja mu njia natoka mu njia, akinipa kitu anakiweka chini kwanza njo naokota, baba yangu alifanya vile, na baba yake vile vile… nyaya, angalia nyaya Guylain, nyaya ziko salama, fyuzi ziko salama, nanusa kama imbwa, labda ni plastiki, mara ingine mufuko unashika ku bomba ya moshi na unanuka vile vile, nalala chini na tumbo mu vumbi, bomba iko safi, safi kabisa, ningelia kama si kuona haya… We kuku, ile chuma… mama, nakuomba, nyamaza kidogo, niache nifikiri, hiyo nasema ndani ya roho tu, na mukwe nani atamuambia mama-mukwe anyamaze… na harufu hii si ile, ile ilikuwa nyasi ya nyumba na magodoro ya batu, siku tulikimbia vita, tuko mu bwato katikati ya ziwa Mweru na nyuma yetu kunawaka, Claire alinishika mukono akasema usigeuke, na sikugeuka, mwenye aliumwa na nyoka anaogopa hata kamba, njo juu ya ile leo nilisikia kuungua tu, muguu yangu ikakanyaga freni yenyewe, bila kuniuliza, freni…

Freni. Nainuka, nazunguka nyuma, naweka mukono karibu na pine ya gurudumu na naurudisha mbio, moto, na upande ule mwingine moto, moshi mwembamba unapanda, na za mbele ziko sawa, sasa ni nini inakaza za nyuma tu, nini… na sauti yake, chini chini, haichoke, We kuku, ambia baba ya batoto, huyu mwenye kuendesha, ile chuma katikati ya viti, wakati mbuzi zilikatisha njia niliogopa, niliishika nikaivuta, siyui kama nilifanya mubaya… alishasema hii, alisema toka zile mbuzi, alisema tena ku daraja, na miye nilifikiri mama anapigia kuku masolo, mazungumzo tu ya njia. Freni ya mukono! Motoka hii haikukuwa na freni ya mukono ya kufanya kazi toka niliinunua, tunaweka jiwe nyuma ya pine, kila mutu hapa anaweka jiwe, njo juma hii bariyeri ya polisi ilinisumbua na Goodson fundi akaitengeneza, na kichwa yangu haikujua bado kama iko, na mama alifikiri ni kitu cha kushika mutu asianguke. Nafungua mulango, naishusha, njo ile tu, kazi ya kidole kimoja, na maji siwezi kumwanga, Goodson alishasema, chuma ya moto ukiimwangia maji inapasuka, ni kungoja ipoe, kungoja, na nakasirika, nakasirikia yeye, nakasirikia kuku, nakasirikia baba yangu na heshima yake, mutu anakufa juu ya heshima… simu inalia. Matildah. Muko wapi, anauliza, dokta anasema ni sasa, na nyuma ya sauti yake nasikia Claire, hanitafute miye, anaita mama, mama, sauti tu ya mama njo anataka, na simu ilikuwa mu mufuko yangu toka asubui na sikufikiri kumupa mama aongee, ningemupa namna gani, nipitishie kuku? Niiweke ku kiti aokote? Nageuka. Nanyoosha mukono na ninamuangalia, na kumbe analia, kitenge chake kimelowa mpaka ku shingo, alikuwa analia njia yote na miye niko mbele, sikujua.

"Mama, kamata. Ni Claire. Muambie akubali."

Anaangalia simu, haiangalie kuku. Anaitoa mu mukono yangu, vidole vyake vinagusa vyangu.

"Guylain," anasema, na sikujua kama anajua kutaja jina yangu, "na miye naogopa kile kisu. Balinikatia Jeanine."

"Na miye naogopa, mama. Sema tu akubali."

Pine bado zinatoa moshi. Mama anaweka simu ku sikio, na ananiangalia bado.