Aliyekaa Kwenye Keria

Baada ya ibada ya Sabato kanisani kwetu Woodbury, hapa Marekani, simu ya mdogo wangu Keziah, yenye picha za likizo yake, ilizungushwa mezani kama sahani ya chapati. Keziah juu ya baiskeli ya kijani, kando ya mto Dordogne, Ufaransa. Keziah darajani, anakula pichi. Wiki mbili nzima! Na shifti zake kule Bloomington, tunakotunza wazee, nilizifanya mimi mpaka miguu ikavimba.

"Mungu ni mwema," nikasema, roho ikiniuma.

Kwani kwetu Kisii nani alikuwa mwendesha baiskeli? Ni mimi niliyepeleka mahindi kinuni kwa baiskeli ya baba, majirani wakisema msichana huyu ameharibika, nami nikizidi kukanyaga pedali. Keziah alikuwa mzigo tu, yeye na gunia, huko nyuma kwenye keria. Leo mzigo ndio unatalii Ufaransa!

Mke wa mchungaji akamuuliza, "Na nani alikufunza kuendesha?"

Nikajiweka sawa kitini, nitajwe.

"Nilijifunzia hapa Minnesota, nikiwa na miaka thelathini na nne," Keziah akajibu. Alicheka, lakini hakuniangalia. "Nyumbani baiskeli ilikuwepo. Kila siku nilimwomba Dada Kerubo anipe zamu, hata hadi mtoni tu. Hakunipa hata mara moja."

Simu ikanifikia tena. Safari hii niliikodolea macho muda mrefu, kwa sababu sikujua pengine pa kuyapeleka.