Upande wa Nukta Kubwa

Dada yangu Zumaroh alikuwa haoni mbali hata kidogo. Mbuzi akisimama mwisho wa uchochoro wetu, alimsalimia kwa adabu zote akidhani ni mke wa imamu. Lakini mpe kitambaa, avue ile miwani yake nene kama kitako cha chupa, ainame mpaka pua ikaribie kugusa nguo, na mji wetu mzima wa Pekalongan, hapa Java, hukuti mwanamke wa kumfikia. Kwa canting, kile kikalamu cha shaba tunachomiminia nta ya moto, alidondosha nukta ndogondogo mpaka ukadhani kitambaa kimenyunyiziwa ufuta, na hata mbili hazikugusana. Mimi ni mdogo wake, Munawaroh. Tumekaa pembeni mwa jiko moja la nta tangu tukiwa wasichana, na nukta zangu ni za kawaida tu. Nasema hivyo bila wivu. Wivu niliumaliza zamani.

Macho yale mabovu ndiyo yaliyokuwa riziki yake. Sisi wa karakana ya batiki tulilijua hilo kiasi cha kutolisema kamwe.

Mwanawe wa pekee, Inayah, anafanya kazi benki huko Semarang. Mwaka juzi alipasuliwa macho kwa leza, akaitupa miwani, na tangu hapo kila akija nyumbani anatusomea mabango ya barabarani kana kwamba hatukwenda shule. Akashikilia kwamba mama yake naye lazima aionje raha ile. Zumaroh alikataa weee, mwisho akakubali, kwa sababu harusi ya Inayah ilikuwa imepangwa Mfunguo Tatu, naye alitaka kumwona bwana harusi akiingia mlangoni badala ya kuhadithiwa.

Alirudi kutoka Semarang mwezi wa Rajabu amevaa miwani myeusi. Wanawake wa karakana wakamwita mwimbaji wa dangdut na kumwomba awape wimbo mmoja. Macho yalimwasha kana kwamba amemenya vitunguu vya karamu nzima. Akilala alibandikwa vikinga vya plastiki machoni asije akajisugua usingizini. Alikatazwa kuyatia maji, kwa hiyo alitayamamu, na siku zote hizo akanung'unika kwamba anasimama mbele ya Mungu na uso mchafu. Usiku kila taa ilizungukwa na pete ya mwanga. Ile ya mnara wa msikiti, alisema, ilikuwa kubwa kuliko pete ya mke wa tajiri. Kisha macho yakakauka, yakawa kama yameingia mchanga, na kichupa cha dawa ya matone hakikumtoka mkononi. Daktari alikuwa amesema yote hayo hupungua polepole, na kweli yalipungua.

Na furaha aliipata, siwezi kuficha. Asubuhi moja alinivuta mkono akanionyesha mjusi juu ya paa la jirani. "Mun, ana vidole," akasema. Akasimama pale akimtazama mpaka chai ikapoa. Nilijifuta machozi kwa ncha ya mtandio asinione.

Aliporuhusiwa kurudi karibu na moshi, alikaa kwenye kigoda chake, akatandaza kitambaa cha harusi ya Inayah alichokianza kabla ya upasuaji. Maua na ndege vilikuwa tayari, na nusu ya uwanja unaovizunguka ilikwishajaa nukta. Akachovya canting, akaipuliza, akainama kama kawaida yake. Akainuka. Akakisogeza kitambaa mbali, akakirudisha, akakisogeza tena.

"Mkono wangu umekuwa mfupi," akasema, na wote tukacheka.

Nukta alizotia siku ile zilipandana. Alipokwenda kusali adhuhuri nilizikwangua kwa kisu cha moto, na siku zilizofuata nikawa nafanya hivyo hivyo. Yeye hakuwa na wasiwasi. Alisema macho bado hayajapona: pete za taa zimeondoka, mchanga umeondoka, na ukungu huu wa karibu nao utaondoka. Kila jioni alijilaza chali, akajidondoshea dawa, akangoja. Nami nilikuwa nikingoja pamoja naye.

Inayah alikuja Ramadhani. Akamkuta mama yake ameshika kitambaa kwa mkono ulionyooshwa, kichwa amekirudisha nyuma, akikodoa macho. Alimtazama kidogo tu, kisha akanifuata kisimani na kuanza kulia kabla sijauliza kitu.

Aliniambia kwamba siku ile kliniki, Zumaroh akiwa chumba cha pili ameshatiwa dawa ya kupanua mboni, daktari alimwita yeye pembeni. Akamweleza kwamba mtu aliyepita umri wa miaka arobaini, akirekebishiwa macho yaone mbali, atapoteza kuona karibu, na hakutarudi. Atahitaji miwani ya karibu maisha yake yote. Kama mama ana kazi ya kuinamia, jicho moja lingeweza kuachwa lilivyo. Akauliza: mama yako anafanya kazi gani?

"Nikasema hafanyi kazi, Bulik, mama yangu mdogo. Nikasema anapumzika tu nyumbani."

Karatasi ya ridhaa aliisoma yeye, akamwonyesha mama yake pa kutia saini.

Nilimuuliza kwa nini. Mwanzo alisema ni aibu: daktari alizungumza naye kama msomi mwenzake, naye hakutaka kutaja moshi wa nta. Nikamwambia aseme yote. Ndipo akasema kwamba ndani ya moyo wake alitaka mama yake aache ile kazi, kile kikohozi, ule mgongo uliopinda, na mama alimkatalia kila alipomwomba. Akaona daktari amemletea njia.

Nilitaka kumzaba kofi. Saumu yangu ndiyo iliyomwokoa. Nikamwambia aende akamweleze mama yake saa ile ile, naye akaniomba tungoje Idi, tusiiharibu Ramadhani ya watu. Siku ya Idi, akasema, kila mtu husamehewa. Niliuona ujanja uliokuwemo katika maneno yale, na bado nikakubali. Basi kwa siku zote zilizobaki nikamtazama dada yangu akijitilia dawa ya kungojea kitu kisichokuja. Inayah alikonda. Alipiga simu kila usiku kuuliza mama anaendeleaje, na mama alimjibu kwa uchangamfu kwamba leo ni afadhali kuliko jana.

Idi ilipofika, baada ya sala, Zumaroh aliketi kwenye kiti cha sebuleni, nasi tukapanga foleni ya kumpigia magoti, wakubwa kwanza. Mimi niliomba radhi yangu nikakaa kando yake. Wapwa wakapita. Majirani walikwishajaa mlangoni, harufu ya kuku wa nazi imetanda nyumba nzima. Inayah akaja kwa magoti, akalaza paji la uso mapajani mwa mama yake, akasema maneno tunayosema sote: anaomba radhi kwa makosa yake ya nje na ya moyoni. Mkono wa Zumaroh ukashuka kichwani pake. Inayah hakuinuka. Akaanza kunong'ona, na kwa kuwa nilikuwa karibu niliyasikia yote, daktari, swali lake, jibu alilopewa, jicho ambalo lingeachwa.

Mkono uliokuwa ukipapasa kichwa ukasimama.

Zumaroh alitazama mlangoni, wageni wakitabasamu wakingoja zamu yao. "Nimekusamehe, Nduk, mwanangu," akasema, kwa sauti ile ile aliyowapa wapwa. "Inuka, watu wanangoja."

Inayah aliinuka uso umechangamka. Kutwa nzima aligawa vyakula huku akicheka na wageni, na mimi niliona haya kwa niaba yake. Jioni, wa mwisho alipoondoka, Zumaroh alimwita jikoni. Nilikuwa naosha sahani.

"Umeniomba siku ambayo siwezi kukataa," akamwambia. "Rudi uniombe siku ya kawaida."

Usiku ule hakujitia dawa. Kesho yake alikwenda sokoni, akarudi na miwani ya kusomea ya bei rahisi, akaifunga kwa kamba ya mpira nyuma ya kichwa. Mvuke wa nta uliifunika kila akiinama. Akawa anaivua, anaifuta kwa kanga yake, anaivaa, na canting imeshapoa mkononi. Aliweza kuona, lakini si kama zamani. Nukta zake zikawa sawa na zangu, kisha nikagundua kwamba zangu ndizo zilizo nzuri zaidi. Maisha yangu yote nilikuwa nimeitamani siku hiyo, na ilipokuja nilijiona mwizi.

Inayah aliomba ruhusa kazini akaja Alhamisi moja, katikati ya kazi. Alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya karakana iliyolowa, na sketi yake ya benki. Wanawake wote wakaweka canting zao chini. Zumaroh hakumwambia ainuke.

"Daktari alikuuliza nafanya kazi gani?"

"Ndiyo, Mak."

"Ukasema nini? Sema wasikie."

"Nilisema unapumzika tu nyumbani."

"Na ada yako ya chuo ilitoka wapi, Nduk? Kwenye mapumziko?"

Zumaroh akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akakivuta kitambaa cha harusi mpaka katikati yao. Upande mmoja ulikuwa ufuta ule wa zamani. Mwingine ulikuwa nukta nene, zilizopinda, kama kazi ya mtoto anayejifunza. Mimi nilikuwa nimejitolea kuumalizia, akanikatalia.

"Nitakimaliza mwenyewe hivi hivi, nawe utakivaa," akasema. "Wageni wakikuuliza mbona upande huu nukta ni kubwa, usiniite mimi niwajibu. Utawaambia wewe."

"Nitawaambia, Mak. Umenisamehe?"

"Radhi ya Idi nilikupa. Hii nyingine bado. Leo nimejaribu, imekataa."

Nilidhani binti atavunjika moyo asirudi tena. Kumbe alionekana mwepesi kuliko siku ya Idi, kama mtu aliyelipishwa bei anayoijua. Alhamisi iliyofuata alikuja tena, na nyingine, kila mara akiuliza, kila mara akijibiwa bado, kisha akakoroga nta mpaka wakati wa treni.

Juzi Zumaroh aliiweka canting chini ghafla. Akaivua miwani, akatazama mwisho kabisa wa uchochoro, kule ambako zamani mbuzi alikuwa mke wa imamu. Mimi niliona kivuli tu.

"Teleka chai, Mun," akasema. "Anakuja. Keshaanza kulia, na hata kwenye duka la sabuni hajafika."

Nikamuuliza leo atamjibu nini. Alibaki ametazama mbali vile, na kwa mguu akasukuma kigoda cha pili, kitupu, mpaka kando ya kitambaa, upande wa nukta kubwa.