Jino Lililokataa Kushika

Mwanarusi alikuwa akila chapati katika duka lake la vitenge, huko Kinoru, alipohisi jino jipya likicheza. Alilisukuma kwa ulimi. Likasogea. Jino lile lilikuwa limepandikizwa kwa skrubu ndani ya mfupa wa taya, na aliambiwa litadumu miaka mingi. Akafunga duka. Mumewe, Abubakr, akaacha bucha lake na kumsindikiza kliniki.

Daktari Muchangi alipiga picha ya taya, akaikodolea macho.

"Mfupa haujaishika skrubu, mama. Unavuta sigara?"

"Mimi? Sijawahi."

"Miraa?"

"Harufu yake tu inanichafua roho."

Akamdunga kidole kupima sukari. Ilikuwa sawa. Akakagua ufizi, haukuwa na ugonjwa. Mwanarusi akazidi kuchanganyikiwa. Kila ubaya aliotajiwa hakuwa nao, na jino bado linacheza.

"Unasaga meno usingizini?"

"Nitajuaje, na mimi nimelala?"

Daktari akamgeukia Abubakr, naye akatazama viatu vyake.

"Anasaga," akasema. "Tangu tuoane. Ila mwaka huu imezidi."

Mwanarusi akaketi wima. Mwaka huu ndio Abubakr alipohamia chumba cha binti yao aliyeolewa, akisema godoro lao linamuumiza mgongo. Mwanarusi hakuamini. Alichoma udi, alinunua godoro lingine, mwisho akaamini tu kwamba kuna mwanamke mahali.

"Kwa hivyo si mgongo?"

"Si mgongo."

"Na ukaninyamazia?"

"Ningekuambiaje, Mama Nadhira? Kwamba unasikika kama msumeno kwenye mfupa?"

Daktari akakohoa kidogo. Akaeleza kwamba kusaga kunalielemea jino ambalo bado halijashikana na mfupa, ingawa hawezi kuapa kuwa ndiyo sababu pekee. Angeitoa skrubu, mfupa upone kwa miezi kadhaa, kisha wajaribu tena. Akipandikizwa upya, atakuwa akilala na kinga ya plastiki mdomoni.

"Na mtu akiwa na mawazo mengi," akaongeza, "husaga zaidi."

Hapo ndipo Mwanarusi alipopotea kabisa. Mume alihama kwa sababu mkewe anasaga. Yeye naye akajaa mawazo kwa sababu mume amehama, na mawazo yakamfanya asage zaidi. Sasa jino hili limelegezwa na nani? Alitaka kumkasirikia Abubakr, lakini hasira haikuja peke yake. Iliandamana na nafuu kubwa iliyomtoa machozi, na daktari akadhani ni maumivu.

Skrubu ilitolewa wiki iliyofuata. Jioni hiyo Abubakr alirudi na mto wake kwapani, akasimama mlangoni mwa chumba chao.

"Nitaweza kuvumilia kelele," akasema.

Mwanarusi, shavu limevimba, hakujua kama amemsamehe au bado. Akamsogezea shuka.