Wanaopinga Wasimame

Mke wangu ni diwani, na nyumbani namwita Mheshimiwa, hasa akiwa ananigombeza kwa kuacha spana kwenye sinki. Mimi ni fundi wa injini za boti. Karakana yangu iko ufukweni, palepale ambapo kampuni moja ilitaka kujenga matangi ya mafuta, na baraza la madiwani lilikuwa likae Alhamisi alasiri kuamua. Madiwani walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Mke wangu alishasema mikutanoni na redioni kwamba atapinga. Mdomo wake hauna breki.

Mwanzoni mwa wiki hiyo alikuja karakana mtu mmoja mpole mno. Alinipa pole ya kazi, pole ya jua, pole ya grisi iliyonichafua shati. Moyoni nikambandika jina la Bwana Pole. Akaketi juu ya dumu bila kujali suruali yake safi.

"Shemeji hajambo?"

"Hajambo."

"Siku moja moja namwona akipita kwa miguu kule nyuma ya maghala. Pale hapana watu, kaka. Mwambie awe anaangalia."

"Kwani unamjua?"

"Nani asiyemjua? Haya, pole na kazi."

Alipoondoka nilijaribu bolti ileile mara tatu, haikuingia. Mtu akinitukana huwa namrudishia na chenji juu. Huyu hakunitukana. Niliogopa vibaya sana, na mke wangu sikumwambia neno, kwa kuwa namjua: ukimwambia usipite hapa, ndipo atakapopita.

Alhamisi mchana, alipoingia kuoga, nilichomoa plagi ya pikipiki yake nikaitia mfukoni. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Pikipiki isipowaka atachelewa, akichelewa watapiga kura bila yeye, na hakuna atakayesema amerudi nyuma. Nikaenda zangu karakana na kuzima simu asije akaniita nimtengenezee.

Nilikuwa bado najisifu kwa akili zangu pale jirani yangu, mpaka rangi wa boti, alipopita na ndoo yake.

"Leo Mheshimiwa anatembea? Nimempita anakata njia ya maghala, viatu mkononi."

Kwa pikipiki mke wangu huzunguka barabara kuu yenye maduka na watu. Mwenye haraka na miguu tu ndiye anayekata kule nyuma, na mimi ndiye niliyempeleka.

Nilikimbia na ndala zangu, moja ikakatika, nikaiacha. Nilimwona mbele yangu katikati ya kuta mbili ndefu, anaenda haraka, na nyuma yake gari jeupe linatambaa taratibu. Nilipolifikia lile gari, kioo kilishuka kidogo.

"Pole kwa mbio, kaka," akasema Bwana Pole, kisha akaongeza mwendo akatupita sote wawili.

Mke wangu alisimama. Aliutazama mguu wangu mtupu.

"Pikipiki imekataa kuwaka," akasema.

"Nimechomoa plagi."

Nikamweleza yote huku nahema. Nilingoja anipasukie kama kawaida yake. Hakunipasukia, na hapo ndipo woga uliponizidi. Aliegemea ukuta akaanza kuvaa viatu.

"Kwangu alikuja kabla yako," akasema. "Aliniambia fundi wa boti akikutwa anaelea, watu husema tu alikuwa amelewa."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe je?"

Nikaitoa plagi mfukoni nikampa.

"Mimi mwenyewe nilishaamua kusimama na wanaopinga," akasema. "Halafu kila ukichelewa kurudi nabaki nimekaa dirishani kama mgonjwa. Sasa niambie wewe, Fundi. Nisimame au nikae?"

Ningeweza kumwambia afuate roho yake. Niliitazama ile njia hadi mwisho, pale gari lilipokunja kona.

"Kaa," nikasema.

Ukumbi ulifurika. Wavuvi, mafundi na wauza samaki walikuwa wamebanana kwenye mabenchi ya wananchi, na wote walimpigia makofi mke wangu alipoingia. Baada ya hotuba ndefu mwenyekiti alisafisha koo.

"Wanaokubali wabaki wamekaa. Wanaopinga wasimame."

Viti vikalia, wakasimama wa upande wetu. Mke wangu aliweka viganja juu ya meza kama mtu anayejiinua. Nami, karibu na mlango, nilikuwa nasema kimoyomoyo kaa, kaa, tafadhali kaa. Akabaki amekaa.

"Mheshimiwa, ni sasa," yule jirani yangu mpaka rangi akamwambia kutoka kwenye benchi, akidhani hakusikia. Mke wangu hakuinua kichwa. Mwenyekiti akagonga meza, na ufukwe ukawa umekwenda.

Tulitoka tumeshikana mikono. Hakuna aliyetuzomea, walitupisha tu, na wengine wakajifanya wanatafuta kitu mifukoni. Bwana Pole alikuwa ameegemea gari lake. Akaja hadi kwetu, akanyoosha mkono.

"Asanteni sana, kaka."

Nilijua kwamba yamekwisha, lakini woga haukuwa umenitoka. Nikauachia mkono wa mke wangu ili niupokee wa Bwana Pole kwa mikono yote miwili.

"Sisi ndio tunashukuru, bosi," nikamwambia.